Laptopu yagoma kisa kadi ya waifai

SWALI: Shkamoo anko. Nilinunua laptopu ya mtumba Kariakoo, waifai ikawa inakatakata nikaweka kadi nyingine, sasa nikiwasha inaandika kadi hairuhusiwi halafu inaganda hapohapo. Kwani watengenezaji wana haki ya kunifungia kitu nilichonunua kwa hela yangu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kadi yako wala haijafa, ni bayosi, ile programu ndogo inayoiamsha kompyuta ukiiwasha, ndo ina orodha ya kadi inazozikubali, ikikuta ngeni inagoma. Watengenezaji wanajitetea eti kadi na antena vimepimwa pamoja kwa ajili ya sheria za mawimbi ya redio, hapo kidogo nawaelewa. Ila kugoma kuwaka kabisa? Hapana bwana, toa onyo, sema hii hatuitambui ikizingua usitulaumu, halafu niache nibonyeze niendelee. Pale ambapo kitu kinaweza kuungua, sawa, wafunge.

Maana mara nyingine huo ukuta ni wa programu tu. Mwaka 2017 Intel walitoa prosesa (ubongo wa kompyuta) za kizazi cha 8, soketi ya kuchomekea LGA 1151 ileile, inaingia vizuri kabisa, lakini mazabodi, yaani bodi kuu za kompyuta, za Z270 za mwaka huohuo zikazikataa, Intel wakasema ni mambo ya umeme, watundu wakachezea bayosi na kuziba pini kadhaa na baadhi zikawaka! AMD, washindani wa Intel, nao walizinyima bodi zao za zamani za X370 prosesa za Ryzen 5000, ilipofika 2022 wakaruhusu, bodi zilezile.

Wewe kwa sasa rudishia kadi ya zamani ununue adapta ya waifai ya USB, hiyo bayosi haina habari nayo.