Je, simba na fisi ndio waliowamaliza wala nyama wa kale?

SWALI: Nafundisha biolojia sekondari hapa Pongwe, Tanga. Wanafunzi wangu wamesoma kwamba haiyanodonti, wala nyama wa kale wa Afrika, walimalizwa na jamaa za simba na fisi. Tunajuaje walikula nini, na ushindani huo unathibitishwaje?

JIBU: Mwalimu, anza na meno, kwani ndiyo yanayodumu kuliko mifupa. Tafuta fuvu la paka na la mbwa. Paka ana meno 30, mbwa 42. Wote hukatia nyama kwa jozi moja kila upande: gego dogo la nne la juu na gego kubwa la kwanza la chini, ambayo hupitana kama mikasi. Sasa tazama nyuma ya jozi hiyo. Mbwa ana magego mapana ya kusagia, ndiyo maana anaishi hata kwa makombo ya ugali. Paka hana kitu cha maana pale. Ngawa wa misitu ya Amani, mwenye meno 40, husaga matunda na wadudu vizuri tu.

Haiyanodonti walikwenda njia nyingine: walikuwa na zaidi ya jozi moja ya kukatia, na kubwa kuliko zote ilikuwa gego kubwa la pili la juu na la tatu la chini. Wembe ulifika hadi mwisho wa taya. Kwa nyama hiyo ni faida kubwa, lakini nafasi ya kusagia haikubaki, kwa hiyo kizazi chao kilikuwa na njia finyu ya kurudi kwenye chakula mchanganyiko. Hapa kwetu mfano ni Pakakali rukwaensis wa bonde la Rukwa, wa miaka milioni 25 hivi iliyopita, mdogo kiasi cha simbamangu. Kenya kuna Simbakubwa kutokaafrika wa Meswa Bridge, wa miaka milioni 22 hivi. Uzito wake umekadiriwa kuanzia kilo mia mbili na ushei hadi kupita tani moja, kwa sababu haiyanodonti walikuwa na vichwa vikubwa kuliko miili, na kanuni za kukadiria zilitungwa kwa wanyama wa leo. Usiwape wanafunzi namba moja tu.

Darasani, pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia urefu mdogo) gego kubwa la kwanza la chini: urefu wa sehemu yenye makali gawanya kwa urefu wa jino zima. Kwa paka utapata karibu 1, yaani karibu jino zima ni la kukatia, kwa mbwa karibu 0.7. Pima chini kwenye shina la taji (sehemu ya jino iliyo juu ya ufizi), si kwenye ncha, maana ncha huchakaa. Epuka mbwa wa chini ya miezi saba: kwenye meno ya utoto jozi ya kukatia hukaa jino moja mbele zaidi, na vipimo vyote vitapotoka. Mikwaruzo midogo juu ya enameli (tabaka gumu la nje la jino), inayoonekana kwa hadubini, huongeza habari nyingine: kama mnyama alitafuna mifupa au aliishia kwenye minofu.

Ushindani ni dai zito zaidi. Sharti wanyama wawili wanaoshindana waishi wakati mmoja, mahali pamoja, wawe na ukubwa unaokaribiana na wagombee chakula kilekile. Ukubwa una uzito wake: chini ya kilo 21 hivi, mla nyama huweza kuishi kwa mawindo madogo sana kuliko yeye, akipita hapo, gharama ya mwili humlazimisha kuwinda wanyama wa kimo chake au zaidi, na hapo ndipo mgongano unapokuwa mkali.

Kwa Afrika, haiyanodonti waliishi pamoja na jamaa za simba na fisi, wageni kutoka Asia na Ulaya, kwa takriban miaka milioni 10. Mimi siwezi kuuita huo ufukuzaji wa haraka. Mabadiliko ya misitu na mawindo lazima yahesabiwe. Ushahidi wenye nguvu zaidi uko Amerika Kaskazini: jamii ya mbwa ilikuwa na spishi zaidi ya 30 miaka milioni 22 iliyopita, na leo ziko 9. Utafiti wa mwaka 2015 uliolinganisha visukuku vya huko ulionyesha kwamba kuja kwa jamii ya paka kutoka Asia kulihusiana zaidi na kupungua kwa jamii ya mbwa kuliko hali ya hewa. Wape wanafunzi mifano yote miwili, kisha wataje ni sharti lipi kati ya manne halijatimia kwa Afrika.