Heller na hela: ni neno moja?

Swali: Kazini kwetu kuna Mjerumani wa ukoo wa Heller. Juzi tulipokuwa tukichanga hela za harusi ya mwenzetu, akacheka, akadai hilo ni jina la ukoo wao. Nimefungua kamusi ya Kijerumani, nikakuta "heller" ni "-angavu zaidi". Nani kakosea? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Kamusi haijakosea, ila imekupa neno jingine lenye sura ileile. Tazama herufi ya kwanza. Wajerumani huandika nomino zote kwa herufi kubwa. Kwa herufi ndogo, "heller" ni kivumishi "hell" kikilinganishwa. Kwa herufi kubwa, Heller ni sarafu, na hiyo ndiyo mama wa hela yetu.

Sarafu hiyo ilianzia Hall, mji wa chumvi kusini mwa Ujerumani ambao leo huitwa Schwäbisch Hall. Iliitwa Haller Pfennig, yaani pfennig (sarafu ndogo ya Kijerumani) ya Hall. Ikafupishwa, "a" ikageuka "e". Upande mmoja ilichorwa kiganja, upande wa pili msalaba. Madini ya fedha ndani yake yalipungua kadiri miaka ilivyokwenda, hadi ikawa sarafu ya vijisenti. Mpaka leo Mjerumani akimaliza deni lote husema amelipa "auf Heller und Pfennig", yaani hadi heller na pfennig ya mwisho.

Huku kwetu ililetwa na serikali ya kikoloni ya Kijerumani. Rupia yao iligawanywa kwa pesa 64. Mwaka 1904 wakaibadili, ikawa na heller 100. Mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto, karakana ya reli ya Tabora ilifyatua hata sarafu za heller 20. Wajerumani wakaondoka, sarafu ikafutwa, jina likabaki na kupanda cheo: kilichokuwa sehemu ya mia ya rupia sasa ni fedha yoyote, hata mamilioni.

Kwenye ukoo ndipo pana utata. Wapo akina Heller waliobandikwa jina la sarafu kama utani, wapo waliotoka miji kama Hall au Halle, na wapo, hasa miongoni mwa Wayahudi, ambao jina lao laweza kutokana na "hell", labda kwa weupe wa nywele. Kwa hiyo kamusi yako huenda ikamfaa yeye kuliko hela. Muulize mababu zake walitoka mji gani, na kama ukoo una vitabu vya ubatizo au kumbukumbu za sinagogi. Jina peke yake halitakwambia.