Watu watatu wanatosha: ushauri kwa mwandishi wa programu anayejitegemea

Wasikilize waandishi wa programu wanaojitegemea, iwe Dar, Nairobi au Kampala: ni nadra kumsikia mtu akiilalamikia programu yenyewe. Wanamlalamikia mteja wa "ongeza hapo kitu kidogo tu", mhasibu anayesema bosi kasafiri, mtu wa kati aliyepokea laki sita akakupa laki na ishirini, na simu ya saa tano usiku kwamba mfumo umelala. Kuandika msimbo ni sehemu tu ya kazi. Iliyobaki ni ya muuzaji, mhasibu, mpimaji, mtunza seva na mpokea simu, na yote umeibeba wewe.

Baadhi ya kero hizi zinatibika hata ukiwa peke yako, kwa hesabu na karatasi. Nyingine hazitibiki mpaka muwe zaidi ya mmoja.

Bei na karatasi

Bei mbovu huzaa matatizo mengine yote, na wengi hutaja bei kwa kumwangalia mteja usoni. Hesabu ianzie kwako. Chukua mtu wa Nairobi: matumizi ya nyumbani 90,000 kwa mwezi, intaneti 4,000, seva na zana 3,000, kompyuta ya 108,000 itakayodumu miaka 3, yaani 3,000 kwa mwezi, na 20,000 za kuweka kwa ajili ya miezi mikavu. Jumla 120,000. Sasa usigawanye kwa saa 160. Saa za kuandika makadirio, kufuatilia malipo na kukaa vikaoni hakuna anayezilipia. Ukipata saa 100 za kulipwa umejitahidi. Saa moja basi ni 1,200, na kodi bado. Kazi ya saa 60 haiwezi kushuka chini ya 72,000. Mteja akitaja 25,000, usipunguze bei ya saa. Punguza kazi mpaka itoshe hela yake, au muagane vizuri.

Wanaouza kupitia majukwaa ya nje wahesabu makato mapema. Fiverr, kwa mfano, hukata muuzaji asilimia 20, kwa hiyo anayetaka dola 100 ataje 125, kisha akumbuke kwamba kuzihamisha na kuzibadilisha ziwe shilingi nako kuna mdomo wake.

Baada ya bei, karatasi. Mkataba wa kurasa kumi na mbili hakuna anayeusoma, lakini ukurasa mmoja husomwa. Andika mfumo utafanya nini, na chini yake andika kile usichofanya, kwa sababu ugomvi mwingi hutoka kwenye yale ambayo hayakuandikwa. Andika mteja analeta nini na lini: orodha ya bidhaa, majina ya wafanyakazi, nembo, namba ya Paybill ya kupokelea malipo ya M-Pesa. Hiyo namba iombwe siku ya kwanza na kwa jina la mteja, maana huchukua muda na haimo mikononi mwako. Sema wazi kwamba kila siku anayochelewa yeye inasogeza tarehe yako. Weka awamu mbili za marekebisho, na siku 30 za kurekebisha hitilafu bure. Hitilafu ni kitu kilichoahidiwa na hakifanyi kazi. Kitu kipya si hitilafu.

"Kitu kidogo tu" kinapokuja, usikatae na usinune. Jibu kwa maandishi: "Inawezekana. Ni saa 6, yaani 7,200, na tarehe ya kumaliza inasogea siku mbili. Niendelee?" Maombi mengi hufia hapo, na yanayobaki yanalipwa.

Malipo yenyewe yagawanywe 40, 30, 30: asilimia 40 kabla ya kuanza, 30 mteja akiuona mfumo ukifanya kazi kwenye seva ya majaribio, 30 kabla haujahamia kwake. Ukiacha nusu ya hela mwishoni, umemkopesha mteja bila riba. Kwa mkazi wa Kenya au Tanzania, kampuni inaweza kukukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye ada ya huduma. Si hasara, ni kodi iliyotangulizwa kwa jina lako, lakini bila cheti chake huwezi kuidai. Cheti kiombwe wiki ileile ya malipo. Ukikiomba Juni ya mwaka unaofuata, mhasibu amekwisha hama.

Kuna wanaoficha kitufe cha kuzima mfumo mteja asipolipa. Wanaona ni ujanja, ila sheria za makosa ya mtandao, ya Tanzania ya 2015 na ya Kenya ya 2018, zinaweza kukugeuza wewe mshtakiwa ilhali mdeni ni yeye. Kinga halali ni kutohamisha mfumo kabla ya malipo. Vivyo hivyo domeini, yaani jina la tovuti: isajiliwe kwa jina na barua pepe ya mteja tangu mwanzo. Fundi anayeshikilia domeini ya watu ndiye anayewafanya wateja watuogope sote.

Mahali ambapo mmoja hatoshi

Chukua kazi inayoombwa kila mara: shule inataka ada ikilipwa kwa M-Pesa ijiandike yenyewe kwenye akaunti ya mwanafunzi. Kwa Kenya utapita Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa. Hatua za kwanza ni rahisi kiasi cha kudanganya. Unaomba tokeni, yaani kibali cha muda, inayodumu sekunde 3,600. Unaunganisha namba ya Paybill, ufunguo wa siri uliopewa na tarehe yenye saa, unageuza mfuatano huo kuwa Base64 (namna ya kuandika data kwa herufi za kawaida), unatuma ombi, na simu ya mzazi inadai PIN. Papo hapo Daraja inajibu kwamba ombi limepokelewa.

Hapo ndipo mgeni huandika "ada imelipwa". Haijalipwa, jibu hilo linasema tu kwamba ombi limefika. Matokeo huja baadaye kwenye anwani ya HTTPS ya seva yako, yakiwa na namba ya matokeo, ResultCode: 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 ameghairi, 1037 simu haikupatikana au mwenyewe hakujibu kwa wakati.

Sasa hesabu yanayoweza kuharibika. Seva yako imelala dakika tatu, matokeo yakaja yakakuta mlango umefungwa: mzazi ana ujumbe wa M-Pesa, shule haina kitu. Matokeo yamefika mara mbili, mwanafunzi ameandikiwa ada maradufu. Mtu ameijua anwani yako, akatuma matokeo ya uongo yenye 0. Mzazi mwingine hakusubiri kuombwa PIN, ameingia Paybill mwenyewe, na pale pa namba ya mwanafunzi ameandika "Baba Brian".

Kila moja ina dawa yake. Hifadhi CheckoutRequestID, namba inayotambulisha ombi, mara tu unapopata jibu la kwanza. Namba ya risiti ya M-Pesa ifungwe kwenye hifadhidata isiweze kuingia mara mbili. Ombi lililokaa dakika mbili bila matokeo, programu iulize yenyewe hali yake. Matokeo yanayodai 0 yathibitishwe kwa kuuliza Daraja kabla ya kumwandikia mtu hela. Akina Baba Brian wawekewe ukurasa wao wa malipo yasiyotambulika, karani awapange kwa mkono. Na kila asubuhi jumla ya mfumo ilinganishwe na taarifa ya Paybill. Zikitofautiana hata kwa shilingi kumi, mtu atafute sababu siku hiyohiyo.

Hakuna kigumu hapo. Tatizo ni kwamba aliyeandika hujaribu njia anayoijua: anajilipa shilingi moja, kwa simu yake, kwenye mtandao mzuri, na inapita. Mtu wa pili akikaa na simu nyingine, akaghairi, akazima simu katikati, akaandika upuuzi pale pa namba, makosa mengi ya aina hii hujitokeza mapema. Kwa mtu mmoja yatajitokeza wiki ya kufungua shule, wazazi wakiwa kwenye foleni.

Kwa nini watatu, si wanane

Kikundi kidogo hakimaanishi kikundi dhaifu. Instagram iliponunuliwa na Facebook Aprili 2012 kwa dola bilioni 1 ilikuwa na wafanyakazi 13. WhatsApp, Februari 2014, ilikuwa na 55 wakihudumia watu milioni 450. Walikuwa wachache, na kila mmoja alikuwa anaijua kazi. Ukiondoa hilo la pili, la kwanza halina maana.

Hesabu ya mazungumzo nayo ni kali. Watatu wana njia tatu za kuelewana au kutoelewana. Watano wana kumi. Wanane wana ishirini na nane. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta za IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi, na sababu ni ya kawaida kabisa: mgeni lazima aelekezwe, na mwelekezaji ni yuleyule aliyekuwa anakimbizana na kazi. Mkichelewa, kata vipengele. Usiite vijana wa chuo wiki ya mwisho.

Mgawanyo unaofaa ni huu: mmoja ashike data na seva, mmoja kurasa na programu ya simu, mmoja akae na mteja, aandike mahitaji na kupima. Huyu wa tatu asiwe mpiga soga. Awe anaweza kusoma jedwali la hifadhidata na kujua namba imetoka wapi. Na kila mmoja ajue kazi ya jirani yake kiasi cha kuishika wiki moja mwenzake akiugua.

Msichaguane kwa urafiki wa darasani. Fanyeni kwanza kazi moja ndogo ya wiki mbili, yenye malipo, na umwangalie mtu kwa jambo moja zaidi ya ufundi: akikwama, anasema siku hiyohiyo au anakaa kimya hadi Ijumaa? Ufundi mtu huongeza. Tabia ya kukaa kimya na kazi iliyokwama sijaona inavyoondoka kirahisi.

Kanuni za kazi ziwe chache na zisivunjwe. Kitu hakiingii kwenye tawi kuu la Git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo, kabla mwingine hajakisoma. Mabadiliko yawe madogo, mistari 300 hivi. Ya mistari 1,000 hayasomwi, yanapigwa mhuri tu. Siku hizi zana za akili mnemba zinatoa mistari 1,000 kwa dakika chache, kwa hiyo kanuni hii ina uzito kuliko zamani. Nakala za akiba zichukuliwe kila usiku na kuwekwa nje ya seva, na mara moja kwa mwezi mtu ambaye hakuzipanga azirudishe kwenye mashine tupu kwa kufuata maelezo yaliyoandikwa. Akishindwa, hamna nakala. Simu za dharura ziwe na zamu ya wiki, mwenye zamu alipwe kitu.

Hela, na kuachana

Vikundi vingi havivunjwi na msimbo, vinavunjwa na mgawo uliojadiliwa baada ya hela kuingia. Kubalianeni kabla, kwa maandishi. Tuseme ankara ni 300,000. Zuio 15,000, gharama 15,000, zinabaki 270,000. Asilimia 10 iende akiba ya kikundi, 27,000. Aliyeleta mteja apate asilimia 10, 27,000, hata kama kazi imefanywa zaidi na wengine, maana bila yeye kusingekuwa na kazi. Zinabaki 216,000, zinazogawanywa kwa uzito wa kazi. Kwa 45, 35 na 20 ni 97,200, 75,600 na 43,200. Kugawana sawa kwa sawa kunapendeza mwezi wa kwanza tu.

Angalieni ankara imetoka kwa jina la nani. Kwa Kenya, ikitoka kwa PIN ya mmoja, yaani namba yake ya mlipakodi, mamlaka ya mapato KRA inaziona zote 300,000 kuwa mapato yake, na tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliki kwa kawaida kwenye hesabu ya kodi. Wale wawili basi wampe ankara zao kabla hajawatumia hela. Njia safi zaidi ni kusajili ubia, au kampuni kama kazi zinakuja mfululizo; Tanzania usajili huo unaanzia BRELA, wakala wa usajili wa biashara.

Andikeni pia mtu akiondoka inakuwaje: taarifa ya siku 30, mgao wake kwenye ada ambazo wateja hulipa kwa matunzo ya mifumo unakoma lini, na miradi aliyoshika anamkabidhi nani. Siku ya mwisho badilisheni funguo za seva, ruhusa za Git, siri za Daraja, nywila za barua pepe na za domeini. Kisha angalieni laini ya simu inayopokea namba za uthibitisho. Mara nyingi ni ya yule anayeondoka.