Kichefuchefu na maumivu baada ya kupasuliwa utumbo

Pole sana dada kwa hicho kichefuchefu na maumivu unayosema yamekushika baada ya kupasuliwa utumbo. Kama kila ukimeza tramadoli, hiyo dawa ya maumivu, ndipo kichefuchefu kinapanda, dawa yenyewe ndiyo mshukiwa wa kwanza. Tramadoli na mofini hutuliza maumivu, lakini huchafua moyo na kuufanya utumbo uzidi kulala, na wako tayari umezubaa kwa upasuaji. Usiiache kimya kimya ukajikaza. Maumivu yakikuzidi hutatembea wala kuvuta pumzi vizuri. Mwambie daktari akupangie parasetamoli kwa saa maalumu (mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24), tramadoli ibaki ya akiba, na dawa ya kuzuia kutapika kama ondansetroni. Hiyo nayo hufunga choo, kwa hiyo ulizia na ya kulainisha. Diklofenaki na ibuprofeni, dawa nyingine za maumivu, usijinunulie. Kwa utumbo ulioshonwa, huo ni uamuzi wa aliyekupasua. Kunywa mafunda madogo madogo, tembea kidogo, na ukitaka kukohoa kumbatia mto juu ya mshono, utaniambia. Ila ukitapika mfululizo, tumbo likavimba na hata ushuzi hautoki, nenda hospitali leo leo.