Siku moja Memphis: Sun au Stax?

SWALI: Shikamoo mzee. Tunaishi Louisville, Kentucky, na mwezi ujao tutapita Memphis na vijana wetu wawili. Mkubwa anapiga besi kanisani. Tuna siku moja tu, na viingilio kwa watu wanne si mchezo. Nasikia kuna Sun Studio na makumbusho ya Stax. Twende wapi? – Mama wa vijana wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nendeni Stax, kwenye makumbusho ya kampuni iliyorekodi soul, muziki wa Wamarekani weusi. Nimepiga besi kwenye bendi za dansi ujana wangu wote, kwa hiyo namfikiria zaidi huyo mkubwa.

Sun, pale namba 706 Union Avenue, ni studio ileile aliyoifungua Sam Phillips mwaka 1950, na hilo lina uzito wake. Sakafuni kuna alama ya X wanapoonyesha kuwa ndipo aliposimama Elvis Presley. Mtasikia pia habari za Howlin' Wolf na B.B. King, waimbaji wa blues waliorekodi humo kabla yake. Lakini ni mahali padogo, mnazungushwa na mwongozaji, mara mko nje.

Jengo la asili la Stax lilivunjwa mwaka 1989. Makumbusho yalijengwa palepale McLemore Avenue na kufunguliwa mwaka 2003. Wapo wanaoyadharau kwa sababu hiyo. Wanakosea. Humo ndani limesimamishwa kanisa la mbao kutoka Mississippi, lenye umri wa zaidi ya miaka mia moja. Mpiga besi wako akae hapo kwanza, aone soul ilikotoka.

Mkiingia studio, tazameni chini: sakafu inateremka. Zamani palikuwa ukumbi wa sinema, na wenye Stax hawakuusawazisha. Waliojenga upya wakaurudisha mteremko uleule. Kwenye sakafu ya namna hiyo Booker T. Jones na Al Jackson, weusi, walipiga bendi moja na Steve Cropper na Donald Dunn, weupe, katika mji uliozoea kuwatenga watu kwa rangi. Kijana amsikilize Dunn, mpiga besi wao: noti chache, kila moja mahali pake, drams za Jackson zinapata pa kupumulia. Wapiga besi wengi wa leo wanajaza kila upenyo, na inaniuma.

Mdogo naye atafurahia gari la Cadillac la mwimbaji wa Stax, Isaac Hayes, la mwaka 1972, lenye nakshi za dhahabu na manyoya meupe ndani.

Mkibakiwa na muda jioni, msilipe kiingilio kingine. Piteni nje ya Lorraine Motel, alipouawa Martin Luther King tarehe 4 Aprili 1968. Wanamuziki wa Stax, weusi kwa weupe, walikuwa wakikutana hapo. Cropper na mwimbaji Wilson Pickett walitungia hapo “In the Midnight Hour”. Wapigieni vijana wimbo huo garini kabla hamjafika.