Maji ya bomba la nusu inchi na zawadi ya dola milioni 1

Mwezi huu barua za fizikia na hesabu zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea, nimechukua tatu. Ya fundi ndo nimekaa nayo muda mrefu, mtaona wenyewe.

SWALI: Habari za kazi ndugu mwandishi. Mi ni fundi bomba huku Mbagala, mwaka wa 14 sasa. Juzi nilikuwa na kazi kwa mteja, simtanki lake liko juu ya mnara wa mita 6, bomba la nusu inchi linatembea kama mita 30 mpaka bafuni, maji yanatoka kama machozi. Nikamwambia tung'oe tuweke la inchi moja akagoma, anataka nimwongezee la pili la nusu inchi pembeni, eti nusu mbili ni moja. Nilivyomsimulia mdogo wangu anayesoma uinjinia pale Mlimani akaniambia hata wanasayansi wakubwa hawajamaliza kuelewa maji yanavyopita kwenye bomba, na kuna hela imewekwa kwa atakayeweza. Ni kweli hayo?
*Fundi, Mbagala*

JIBU: Ni kweli fundi, ila tuanze na mteja wako maana yeye anasubiri kuoga.

Nusu mbili sio moja. Ukipima uwazi wa bomba, la inchi moja ni sawa na manne ya nusu inchi. Na hata hayo manne hayatoshi, kwa sababu maji yanasuguana na ukuta wa bomba na kwenye bomba jembamba karibu maji yote yako jirani na ukuta, kwa hiyo kwa presha ileile utahitaji kama matano au sita ya nusu inchi kufikia kazi ya moja la inchi. Na presha huna ya kuchezea, kila mita 10 za kwenda juu zinakupa karibu baa 1, mnara wa mita 6 ni baa 0.6 tu. Mwambie hivyo hivyo, akikataa tena mchoree duara chini kwenye mchanga ahesabu mwenyewe.

Sasa mdogo wako. Mwaka 1883 kule Manchester, Osborne Reynolds alipitisha maji kwenye bomba la kioo akadondoshea rangi katikati. Maji yakienda taratibu ile rangi inanyooka kama uzi mpaka mwisho, ukifungua zaidi inafika mahali uzi unakatika ghafla na rangi inasambaa bomba zima. Akapata namba moja inayounganisha upana wa bomba, kasi na mnato wa maji: chini ya kama 2,000 maji yanatulia, juu ya hapo vurugu inaweza kuanza. Kwenye bomba lako la nusu inchi, maji ya joto la Dar yakienda mita 1 kwa sekunde hiyo namba inapita 15,000, yaani kila siku unafanya kazi na maji ya vurugu, na hiyo vurugu ndo shida yenyewe.

Mlinganyo wa maji yanayotembea tunao toka zamani, Navier aliyekuwa mhandisi wa madaraja Ufaransa aliuandika miaka ya 1820 na Stokes akausimamisha vizuri 1845. Unatumika kwa maji, hewa, mafuta, mpaka mawingu. Ila kuwa na mlinganyo ni jambo moja na kujua unafanya nini ni jambo lingine kabisa, mpaka leo hakuna aliyethibitisha kwamba ukianza na maji yanayotembea vizuri tu, bila kona kali ya kasi popote, basi mlinganyo utaendelea kukupa jibu la maana milele, au kuna siku kasi sehemu fulani itapanda bila mwisho na hesabu ikavunjika. Kwa mtiririko wa bapa, usio na kina, ilishathibitishwa kwamba hauvunjiki. Kwa maji ya kweli yenye urefu, upana na kina, bado. Taasisi ya hesabu ya Clay ya Marekani mwaka 2000 iliweka maswali 7, kila moja dola milioni 1, na hili ni mojawapo. Mpaka sasa limejibiwa moja tu kati ya yale 7, la Poincaré, na Perelman wa Urusi aliyelijibu akaikataa hela.

Utauliza sasa mainjinia wanapangaje mabomba kama hesabu haijaisha? Wanapima. Miaka ya 1930 kule Göttingen, Ujerumani, mhandisi Nikuradse aligundisha punje za mchanga ndani ya mabomba, punje za ukubwa huu leo, ukubwa ule kesho, akapitisha maji na kuandika presha iliyopotea. Chati wanazotumia wanafunzi wa uinjinia leo zinatokana na vipimo vya namna hiyo. Mi naipenda sana hii habari kwa sababu ni kazi ambayo fundi yeyote angeielewa, mchanga, gundi na uvumilivu.

Na bado kuna mambo yanashangaza. Mwaka 1948 Toms aligundua kwamba ukitia kiasi kidogo sana cha polima fulani, yaani kemikali yenye molekuli ndefu kama nyuzi, msuguano wa maji ya vurugu unashuka mno. Bomba la mafuta la Alaska lilianza kutumia ujanja huo 1979. Kwa bomba refu la mafuta kama TAZAMA, linaloanzia hapo Kigamboni mpaka Ndola, kilomita kama 1,710, fikiria kila asilimia ya msuguano ni umeme kiasi gani wa pampu. Ila polima inaitulizaje ile vurugu, hapo wanafizikia bado wanabishana.

Ombi langu kwako: ukikata bomba la zamani lenye kutu au magamba ya chumvi ya maji ya kisima usilitupe. Andika lilikaa miaka mingapi na lilikuwa la maji gani, mpelekee mdogo wako. Magamba ya kweli hayafanani na mchanga wa Nikuradse, yana vilima na mashimo, na kuyakadiria kwenye hesabu ni utafiti halali kabisa. Nyie wawili mnaweza kuufanya.

SWALI: Dada yangu naomba unisaidie, nauza barafu za ubuyu na ukwaju Tandika. Mama mkwe anasema niweke juisi ikiwa ya moto ndo inaganda haraka, eti kuna Mtanzania aligundua. Luku inaniumiza.
*Mama wa barafu, Tandika*

JIBU: Mama mkwe wako hajakosea habari. Mwaka 1963 Erasto Mpemba akiwa fomu three Magamba, Lushoto, alikuwa na wenzake wanatengeneza aiskrimu, akawahi nafasi kwenye friza akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto, na yake yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Akauliza, akaambiwa umechanganyikiwa. Hakuacha kuuliza, akaja kumuuliza Denis Osborne aliyekuwa anafundisha fizikia chuo hapa Dar, Osborne akakubali kupima, na 1969 wakachapisha pamoja. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya wakasema hawalioni jambo hilo, 2020 wengine Kanada wakaliona waziwazi, ila kwa kipunje kidogo sana ndani ya maji na si kwa barafu. Ugomvi mwingine ni neno lenyewe, kuganda ni utando wa kwanza wa barafu au ni mpaka ndani kabisa?

Kwa biashara yako usifanye hivyo dada. Juisi ya moto inapasha friza nzima, zilizokwisha ganda zinalegea na mota inazunguka zaidi, luku inakwenda. Poza kwanza kwenye beseni la maji. Ukitaka kujaribu, jaribu kwa vikombe viwili sawa, kipimo sawa, na kila kimoja siku yake.

SWALI: Shikamoo. Nipo fomu six PCM, nataka swali moja ambalo halijajibiwa duniani ila mimi nilielewe leo.
*Mwanafunzi, Kigamboni*

JIBU: Marahaba. La Collatz, la mwaka 1937. Chukua namba nzima yoyote kuanzia 1, ikiwa shufwa igawe kwa 2, ikiwa witiri izidishe kwa 3 uongeze 1, rudia. Je, kila namba inafika 1? Hakuna anayejua. Mwanahisabati Terence Tao mwaka 2019 alisogea karibu sana, alionyesha kwamba karibu namba zote zinashuka chini mno, ila hilo neno "karibu" ndo limebaki. Anza na 7, ni hatua 16 tu. Alafu jaribu 27 siku yenye nafasi, ni hatua 111, na usikate tamaa ukiona inapanda tu, itafika mpaka 9,232 ndo ianze kurudi.