Muulize Ami: Nilimtunza Mwimbaji, Ukumbi Ukanicheka

SWALI: Shikamoo Ami. Mimi ni mkaazi wa Langoni, Lamu. Majuzi tulikwenda Malindi kwa wifi yangu, akatupeleka hoteli moja ya ufuoni kusikiliza bendi kutoka Nairobi inayopiga soul, ule muziki wa watu weusi wa Marekani. Mwimbaji alikuwa mwanamke, na sauti yake ilinisimamisha nywele. Alipofika pale pa kulalama, ngoma zikashuka, naye akainua mkono juu. Nikaona hapa ndipo. Nikainuka na noti yangu ya mia mbili, nikamzungushia kichwani kama tufanyavyo harusini, nikamtia kwenye mkono uleule. Akanyamaza. Bendi ikapotea kabisa. Meza za mbele wakavunjika mbavu, na wifi yangu mpaka leo ananiita Bi Tunzo. Nilikosa nini? Halafu kuna wimbo alitaja herufi mojamoja kama mwalimu wa nasari, watu wakapagawa. Ni wimbo gani? Mume wangu naye ameapa harudi tena, asema zile ni nyimbo za kanisani zilizovishwa mapenzi.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimecheka, sikufichi, ila niliowacheka ni wale wa meza za mbele. Watu walipe kiingilio kisha wakae kimya kama wanangoja zamu benki!

Kosa lako ni ule mkono. Miaka ya themanini nilikuwa mpiga besi katika hoteli moja ya hapo hapo Malindi, siitaji, maana mwezi mmoja meneja alitulipa kwa sahani za biriani akatuahidi soda mwezi ujao. Soul tuliipiga kila Jumamosi. Pale ngoma zinaposhuka, mpiga ngoma anagongagonga ukingo tu, kinanda kinashikilia sauti moja, na mimi wa besi nina sauti mbili ninazozirudia tena na tena, macho hayabanduki kwenye mkono wa mwimbaji. Akiuinua, sote tunangoja. Akiushusha, tunaingia kwa pamoja, tarumbeta na saksafoni juu, na hapo ndipo watu huruka vitini. Sasa wewe ukautia noti! Afanye nini maskini? Akiushusha, noti inaanguka. Akiuacha juu, bendi itangoja mpaka alfajiri.

Katika tarabu yetu mambo si hivyo. Beti ikiisha, udi na fidla vinachukua nafasi, wewe unatoka taratibu na leso yako kiunoni, unamtunza, unarudi, wala wimbo haukatiki. Nafasi yako imewekwa ndani ya wimbo. Kwenye soul nafasi yako ipo pia, lakini haitaki noti, inataka sauti. Akisema neno, mwitikie. Piga makofi, ila uhesabu moja mpaka nne kwa mdundo, nayo yaangukie hesabu ya pili na ya nne. Ukipiga kwenye ya kwanza na ya tatu mpiga ngoma atakuchukia. Mia mbili yako ingoje wimbo uishe, uiweke chini ya kinanda au umpe mkononi akishuka jukwaani.

Huko kuitikia ndiko kunakomtisha mumeo, na masikio yake hayakumdanganya. Ni desturi ya makanisa ya watu weusi wa Marekani: mchungaji anasema, waumini wanajibu. Mwaka 1954 mwimbaji Ray Charles alichukua lahani ya wimbo wa injili akaubadilisha maneno, ukawa wa kumsifu mwanamke, na wacha Mungu wa kwao walikasirika kama alivyokasirika bwana wako. Sam Cooke naye alikuwa nyota wa kundi la injili kabla hajahamia kwenye mapenzi. Wengine walirudi: Al Green, baada ya nyimbo zote zile za chumbani, ni mchungaji wa kanisa lake mjini Memphis tangu 1976. Halali na haramu mwambie akawaulize masheikh, Lamu hawakosekani. Mimi ni mpiga besi.

Wimbo wa herufi ni "Respect", yaani heshima. Na hiki ni kisa nikipendacho mno. Aliyeutunga ni mwanamume, Otis Redding, akautoa 1965: mume anarudi nyumbani na pesa zake, anamtaka mkewe amheshimu. Miaka 2 baadaye akaushika Aretha Franklin, binti wa mchungaji wa Detroit, akaugeuza. Sasa ni mke anayedai. Zile herufi R-E-S-P-E-C-T hazikuwamo kwenye wimbo wa Otis, ni yeye aliyeziongeza, na wanaomwitikia nyuma ni ndugu zake wa kike wawili, Erma na Carolyn. Usikilize tena na wifi yako pembeni, muone mtakavyopokezana. Huo ukipigwa tarabuni, akina mama wa Langoni wangejua mara moja unamlenga nani.

Ukirudi Malindi, usikae mbele karibu na spika. Kaa upande wa besi, uone macho ya wapigaji, utajua wenyewe wanangoja nini.

Jambo moja hukuniambia. Ile mia mbili, aliirudisha?